Sungura Aliyepitiliza Thelathini

Ninyi mnaopita langoni kwangu hapa Kibugu kila asubuhi mkipanda kuelekea msituni, nawasikia. Nasikia viatu vyenu, nasikia saa zenu zikilia pii pii kama vifaranga waliopotezana na mama yao, na juzi nilimsikia mmoja wenu akiuliza, "Ati huyu mzee wa ng'ombe alikuwa anakimbia ng'ambo?" Mwenzake akamjibu, "Alikuwa sungura tu." Mkacheka mpaka mkapoteza pumzi, na kwenye kilima kile mtu hapotezi pumzi ovyo. Ningekuwa na ndoo mkononi ningewamwagia.

Lakini ni kweli. Nilikuwa sungura. Kwa wale ambao bado hawajaijua kazi hiyo, sungura ni mkimbiaji anayekodishwa kukimbia mbele ya wengine kwa mwendo uliokubaliwa, awakinge upepo, kisha akifika kilomita ya thelathini atoke barabarani, avae jaketi na kutafuta chai. Wenye mbio zao wanaendelea na kile kipande kilichobaki, na huko ndiko watu wazima hulia. Mimi nilikuwa siendi huko. Nilifanya kazi ya kuanza vizuri na kuacha, na katika lokesheni hii yote hakuna aliyekuwa na kipaji cha kuacha kama mimi. Mke wangu Wanja husema kazi hiyo iliniharibu, ndiyo maana boma la ng'ombe lina ukuta pande tatu mpaka leo.

Jambo lingine: sipendi safari. Napenda kitanda changu, napenda moshi wa jikoni kwangu, napenda kujua mbwa anayebweka ni wa nani. Kocha Ndwiga, aliyenifundisha kazi, alikuwa dereva mstaafu wa lori la majani chai, na alitufunza kukimbia kama alivyoendesha: polepole kwenye kona, bila huruma kwenye mlima. Aliniambia siku ya kwanza, "Njagi, Mungu amekupa miguu ya barabara na roho ya jikoni. Sijui alikuwa anafikiria nini."

Mji wa kwanza walionipeleka, nilivuta wenzangu hadi thelathini nikatoka kama nilivyoagizwa. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Gari la kutuchukua sisi masungura lilikuwa ng'ambo ya pili ya mto. Nami niko na kaptura na fulana isiyo na mikono, na baridi ya kule haijui kubisha hodi. Kiingereza nilikuwa nacho, nimemaliza kidato cha nne hapa Embu na cheti ninacho, lakini baridi ile ilikifuta chote. Nikaona duka lenye dirisha la mvuke nikaingia. Ilikuwa nyumba ya mashine za kufulia nguo. Nikaketi karibu na mashine iliyokuwa inakausha, mgongo nimeuegemeza hapo, nikaanza kurudi duniani. Mama mwenye duka akaja akanitazama, mtu mzima nusu uchi, akatikisa kichwa kwa huruma, akaniuliza kwa vidole nguo zangu ziko katika mashine gani. Nikaonyesha moja. Akaketi nami kuzisubiri. Zilipoisha kukauka zikawa ni shuka na magauni. Sitawaeleza zaidi.

Kwa hivyo msiniulize kwanza habari za viatu. Ukifika mji wa watu, kabla ya kuuliza chakula, kabla ya kuuliza njia, uliza gari liko upande gani wa mto.

Sasa niwaeleze ya Karimi, kwa sababu hiyo ndiyo mara moja niliyoharibu kazi yangu ya kuacha.

Karimi ni wa Mikinduri, kule Meru. Alikuwa mkimbiaji mzuri sana kabla hajapata mtoto. Alipompata akakaa nyumbani miaka miwili, anamsaidia mama yake kufunga miraa kwa majani ya mgomba isikauke njiani. Aliporudi mazoezini, meneja wake akampa mbio moja. Moja tu. Akiwa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza, mkataba unaendelea. Akikosa, asante kwa kila kitu. Mimi wakati huo sikuwa tena na kasi ya kuvuta wanaume, kwa hivyo walikuwa wananipa wanawake niwavute, na baadhi yao nilikuwa nawavuta huku wananisukuma.

Mji wa mbio hizo siutaji, haukunikosea kitu. Ni wa kaskazini, una daraja refu na reli za treni ndogo zinazopita katikati ya barabara. Jioni kabla ya mbio tulikuwa tunakula tambi kwenye hoteli. Karimi akaweka uma chini.

"Njagi, unajua nikikosa narudi kufunga miraa?"

"Miraa ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Lakini nimeifunga miaka miwili nikiota nakimbia, mpaka mama akaniuliza mbona mafungu yangu yamelegea." Akachukua uma tena. "Wewe nifikishe thelathini tu. Huko kwingine nitajua mwenyewe."

Nikamwambia nimesikia. Kisha nikatoka nje na koti, nikatafuta mahali gari la masungura litakapokuwa. Nililipata: kando ya kibanda cha maua, kidogo kabla ya daraja, upande wetu wa mto. Nikalala kama mtoto.

Asubuhi nilichungulia dirishani nikarudi chini ya blanketi. Haikuwa mvua na haikuwa theluji, zilikuwa zote mbili zimechanganywa, na upepo ulikuwa unazirusha kwa ubavu kama mtu anayemwaga maji machafu. Karimi akagonga mlango.

"Amka, kumekucha."

"Kumekucha wapi? Nje ni giza."

"Ndivyo kunavyokucha hapa. Amka, wewe mtu wa Embu. Kuna mpio."

Mpio ni baridi kwa Kimeru. Hata Mwembu hahitaji kutafsiriwa neno hilo akishafungua dirisha.

Sasa, kwenye mfuko wangu nilikuwa na silaha. Niliichukua kwenye boma nikiondoka, Wanja akinipigia kelele atakamua na nini: mkebe wa mafuta ya kukamulia. Ninyi mnajipaka manukato. Sisi hapa juu tulilelewa kwa mafuta ya ng'ombe. Chuchu isipasuke kwa baridi, na shavu la mtoto lisipasuke pia. Nikampaka Karimi migongo ya mikono, magoti na masikio. Akasimama ananitazama.

"Wewe unataka kunikimbiza ama kunikamua?"

"Nyamaza, utanishukuru."

Juu ya nguo akavaa mfuko mweusi wa taka aliotoboa matundu ya kichwa na mikono, wa kutupa mbio zikianza. Wazungu wakamtazama. Akasema kwa Kiswahili, bila kuwajali, "Hata miraa hufungwa kabla ya kupanda ndege." Mfuko wa taka ni kitu cha maana, msiuonee aibu. Sweta kuukuu pia. Ukishapoa kabla ya kuanza, hutapata joto tena mpaka ufike nyumbani kwenu.

Mlio ukalia tukaondoka. Na hapa lazima niwarudishe kidogo kwenye njia ya chai, ile ninyi mnaiona ya kupigia picha. Zamani tulipokuwa tunabeba majani kwenda kituoni siku za mvua, kikapu mgongoni, udongo mwekundu umelowa, tulipanda kwa mstari mmoja. Wa mbele anaona njia, wa nyuma anaona kikapu tu. Kwa hivyo wa mbele hutaja: jiwe! utelezi! shimo! Na wa nyuma lazima ajibu: nimeona! Usipojibu, wa mbele anasimama, kwa sababu huenda umeanguka na majani. Mama yangu alinivuta hivyo miaka mingi kabla meneja yeyote hajajua jina langu.

Barabara ile ilikuwa ya hatari kuliko udongo wetu. Reli zimelowa, vifuniko vya mitaro vinang'aa kama sahani, na theluji imejaza madimbwi usijue kina. Kabla sijafikiri, mdomo ukaanza wenyewe.

"Reli!"

"Nimeona!" Karimi akajibu nyuma yangu.

"Kifuniko!"

"Nimeona!"

"Ndimbwi!"

"Nini?"

"Ndimbwi!"

"Ni dimbwi! Hiyo 'n' yenu inaongeza maji!"

Tukaendelea hivyo. Upepo ulikuwa wa mbele kushoto, nami nikakaa mbele kushoto. Hilo pia andikeni akilini: sungura hatazami sura za watu, anatazama bendera kwenye majengo. Inakopepea, huko ndiko mtu wako anapaswa kukaa.

Kilichonishinda ni chupa. Tulikubaliana kwenye meza za vinywaji niwe namchukulia. Meza ya kwanza, nikaidaka chupa vizuri kabisa, ikaruka kama sabuni. Meza ya pili ikaruka tena, ikamgonga askari wa barabarani. Viganja vyangu vilikuwa vimejaa mafuta ya ng'ombe. Nikavipangusa kwenye kaptura. Kaptura nayo nilikuwa nimeipaka. Karimi akasema maneno ya Kimeru ambayo mama yake hakumfundisha, akapita upande wa meza akachukua chupa yake mwenyewe, akaifungua, akanywa. Wenzake vidole vilikuwa vimekufa ganzi, wanafungua kwa meno. Kwa hivyo nisikilizeni vizuri: paka mgongo wa mkono, kiganja usikiguse.

Katikati ya mbio wanawake wawili waliokuwa na nguvu zao wakaponyoka na sungura wao, tukawaacha waende. Nyuma yangu wakabaki wawili: Karimi, na mama mmoja mrefu mwenye kofia ya kijani. Na nafasi iliyobaki ilikuwa moja, ile ya tatu.

Yule mama mrefu hakuwa mjinga. Mwanzoni alidhani nimerukwa na akili. Baada ya muda nikaona kivuli chake: nikisema "reli" anainua mguu, nikisema "kifuniko" anahama. Alikuwa amejifunza Kiswahili chetu chote cha barabarani bila kulipa karo.

Karimi akanisogelea. "Njagi! Unamvuta huyu pia! Badilisha lugha!"

Nikabadilisha. Nikaanza kutaja kwa Kiembu, kwa sababu mnajua sisi husemaga Kiembu na Kimeru ni ndugu. Ni ndugu kweli, lakini wa kukutana matangani. Nikataja dimbwi kwa jina la kwetu kwa sauti kubwa, na yule mama mrefu akaruka, kwa sababu alishajua sauti yangu ya dimbwi hata iwe lugha gani. Aliyeingia mpaka kwenye kifundo cha mguu ni Karimi.

"Rudisha Kiswahili!" akapiga kelele. "Rudisha, rudisha!"

Nikakirudisha.

Tukafika thelathini. Nikakiona kibanda cha maua, nikaliona gari limewasha taa, mlango wazi, na ndani kuna mtu anamimina chai kutoka kwenye chupa kubwa. Moshi wa ile chai niliuona, nawaambia, kama mnavyoona moshi wa jikoni kwenu mkitoka shule. Bwana mwenye jaketi la njano akaniinulia mkono: hapa, hapa. Mbele kukawa na daraja, na juu ya daraja upepo unavuma kutoka mtoni bila kitu cha kuuzuia. Yule mama mrefu alikuwa amejaa pumzi. Nilimsikia Karimi akihema, na pumzi yake ilikuwa na ule mkwaruzo wa mtu anayehesabu.

Mkataba wangu uliniruhusu kuendelea nikitaka. Hakuna aliyewahi kuniona nikitaka.

"Njagi," akasema. Hakunibembeleza, alisema kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi. "Hadi mwisho wa daraja tu."

Nikalitazama lile gari mara moja. Kisha nikasema, "Reli."

"Nimeona."

Daraja lile liliniondolea masikio. Nilijipanua kama mlango wa ghala, nikainamisha kichwa, nao wakajificha nyuma yangu wote wawili. Mwisho wa daraja ukafika. Karimi akasema, "Hadi kwa ile miti." Tukafika kwa ile miti. "Hadi kwa ile kona." Mtu ambaye amebeba majani chai anaijua hesabu hiyo, ndivyo mama yangu alivyonidanganya kila siku mpaka kituoni.

Halafu miguu ikaisha. Mniamini, haikutoa notisi. Nilikuwa nakimbia, mara nikawa nimesimama ndani ya mwili wa mtu mwingine mzito. Sikuwa nimewahi kufika sehemu ile ya barabara, hata sikujua adabu zake. Nikajivuta pembeni kulia, nikamwambia, "Nenda. Nenda mama, nenda!"

Karimi akanipita. Yule mama mrefu akanipita pia, akanigusa bega akipita, nadhani ilikuwa asante ya masomo. Nikaiona migongo miwili inaingia kwenye ile mvua nyeupe, mmoja hapa, mwingine hatua moja nyuma yake. Kisha nikasikia, kutoka mbele, sauti ya Karimi:

"Reli!"

Sikuelewa mara moja. Mimi ndiye nilikuwa natajiwa.

"Nimeona!" nikaita.

"Kifuniko!"

"Nimeona!"

"Ndimbwi!" Alilisema kwa ile 'n' yetu, akinitania katikati ya shida zake zote.

"Nimeona!" Na baada ya hapo upepo ukachukua yaliyobaki, sikusikia tena.

Nilitembea. Niseme ukweli, nilitembea. Wazee walinipita, mtu aliyevaa kama ndizi alinipita. Gari la kuokota waliochoka likaja kando yangu, dereva akafungua mlango, joto likanipiga usoni. Nikamuuliza kwa Kiingereza, "Wanawake, nani ametoka wa tatu?" Akainua mabega. Hakujua. Nikafunga mlango wake mimi mwenyewe. Nilihitaji kujua, na waliojua walikuwa mwisho wa barabara, basi ikabidi niende huko. Sitaki mseme nilikuwa shujaa. Mimi ni mtu ambaye hawezi kulala bila kujua mbwa wa nani amebweka.

Nilipofika walikuwa wameanza kufungua vizuizi. Msichana mmoja akanivalisha medali, nikamshukuru, nikaangalia huku na huku. Karimi alikuwa ameketi kwenye ngazi za jengo moja, amefunikwa ile karatasi ya kung'aa ya kuwapa joto, amejikunyata kama fungu la miraa. Mbele yake kulikuwa na vikombe viwili, vyote vitupu.

"Chai yako nimekunywa," akasema. "Ulichelewa, ikaanza kupoa."

"Karimi, ya ngapi?"

Akatoa mkono ndani ya ile karatasi, mkono bado unang'aa mafuta, akanyoosha vidole vitatu. Vyote vitatu vilikuwa hai, vinanyooka na kukunjika. Nikaketi chini kwenye ile theluji nikacheka, halafu nikashindwa kuinuka, wakaja watu wawili na machela.

Hiyo ndiyo medali mnayoiona kwenye msumari wa nguzo ya boma, ule upande usio na ukuta. Wageni hudhani nilishindana. Wanja huwaambia hapana, alipotea njia.

Mkebe wa mafuta alibaki nao Karimi. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, ng'ombe akanipiga teke, na nilistahili. Karimi alikimbia miaka mingine minne kwa mkataba ule, akajenga, sasa anafundisha wasichana kukimbia kule kwao. Na kila nikipigiwa simu najua ni yeye kabla sijaitazama. "Sungura, mkebe wako uko hapa dirishani. Njoo uuchukue."

"Wiki ijayo," mimi humwambia.

"Umefika mwisho wa dunia, Mikinduri inakushinda?"

Inanishinda. Kuna kushuka, kuna kupanda, kuna kulala kwa watu. Lakini jana alipiga, akasema safari hii amewaambia wasichana wake kwamba atawaonyesha mtu aliyemvukisha daraja, na wao wamekataa kuamini kwamba yupo. Wanja alisikia. Ameshapiga pasi shati.

Kwa hivyo Jumamosi mkipita hapa msiponiona langoni, msishtuke. Nimeenda kuchukua mkebe.

Kama hakutanyesha.